Gia ya Meno Thelathini na Saba

Ndugu zangu wa karakana,

Siku mliyoniaga, yule kijana wa kuchomelea aliniuliza kwa nini ule mduara wa mbao unaoning'inia juu ya meza ya vaisi haujawahi kupelekwa jikoni, hata siku ambazo kuni zimelowa na mama wa chai analalamika. Nilimwambia ni habari ndefu. Akasema, "Basi iandike, mzee, sasa si una nafasi?" Nafasi ninayo, tena nyingi kuliko nilivyotaka. Naandika.

Vyeo na mishahara naviruka. Vyeo vyangu vilikuwa vichache, na mshahara wangu haukuwahi kuuona mwisho wa mwezi. Nitaandika habari za namba moja, thelathini na saba. Nimeishi nayo kazini muda mrefu kuliko nilivyoishi na mtu yeyote, na kuna mwanamke ambaye nusura imtoe nyumbani kwake.

Kwetu ni kijiji cha Buswahili, nyumba ya wakulima wa mtama na mihogo. Shule niliiacha darasa la nne. Hakuna aliyenifukuza. Miguu yangu haikupenda kukaa chini ya dawati, na mwalimu wetu hakupenda swali linalofuatwa na swali. Bendera ilipobadilishwa nilikuwa Musoma, nalala nyuma ya duka la mtu pale mtaa wa Iringo, nashinda mtaa wa Mukendo kwa fundi baiskeli aliyeitwa Mzee Mafuru. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshusha samaki, nimepaka chokaa, nimechunga mbuzi wa katekista, na nimeranda na lori la chumvi mpaka dereva aliponishusha kwa sababu nilitaka kujua kila kitu kilichokuwa chini ya boneti.

Kazi yangu ya kwanza kwa Mzee Mafuru ilikuwa kuosha minyororo kwa mafuta ya taa. Mikono inafanya kazi, akili haina la kufanya. Nikawa nahesabu meno ya gia.

"Wewe, unahesabu nini?"

"Meno, mzee."

"Yamepungua?"

"Yote yapo."

"Basi osha."

Lakini hakuwa mtu wa kubana ujuzi. Siku moja ililetwa baiskeli ambayo mnyororo wake ulikuwa umeliwa vibaya sehemu chache tu, sehemu nyingine ukiwa mzima. Akanionyesha jino moja lililopinda kwenye gia ya mbele, akasema neno ambalo nimelitumia maisha yangu yote: "Jino likiwa bovu, usiliangalie lenyewe. Angalia linakutanaga na nani." Mengine mengi niliyoyasikia Musoma nimeyasahau. Hilo sikulisahau.

Nilifika Bunda juu ya lori la pamba, nikiwa nimekusudia kukaa msimu mmoja. Kinu cha kuchambulia pamba kilikuwa nje kidogo ya mji, bati zake nyekundu kwa kutu, na fundi mkuu alikuwa Bwire, mtu wa vijiji vya rasi kule ziwani, mfupi, mpana, mwenye sauti ndogo ambayo ilibidi uache kelele ili uisikie. Alinikabidhi ndoo ya grisi na kijiti, akanipeleka kwenye mashine ya kushindilia marobota. Wengi wenu mmekuta mashine mpya. Ile ya zamani iliendeshwa na gia mbili zilizo wazi, moja ndogo na moja kubwa kama meza ya kulia chakula, na kazi ya mtu mgeni ilikuwa kuzipaka grisi mpaka anuke kama ekseli.

Bila shaka nilihesabu. Ndogo ilikuwa na meno thelathini na saba. Kubwa ilikuwa na tisini.

"Fundi, kwa nini thelathini na saba? Kwa nini isiwe thelathini na sita, au arobaini kamili?"

Bwire alinitazama. "Jina lako nani?"

"Wambura."

"Kuanzia leo ni Kwanini. Lete chaki."

Jina hilo mnalijua, maana mmenirithi nalo. Mkanda wa kuendeshea mashine ulikuwa umetolewa siku hiyo. Akaniambia nipake chaki kwenye jino moja la gia ndogo, na kwenye jino la gia kubwa lililokuwa linagusana nalo, kisha nizungushe kwa mkono mpaka alama mbili zikutane tena. Nilidhani ni kazi ya kuvuta pumzi mbili tatu. Alama ya gia ndogo ilipita, ikapita tena, kila mara ikikutana na jino jingine la ile kubwa. Jasho likanitoka. Ilibidi ile ndogo izunguke mara tisini ndipo chaki zikaonana.

"Umeona?" alisema. "Kila jino la hapa linasalimiana na kila jino la pale. Hakuna anayerukwa. Ndiyo maana zinalika sawasawa na zinadumu. Ukiniuliza kwa nini inakuwa hivyo, mimi sijui. Nimeikuta."

Nilibaki Bunda. Mtu anayesema "sijui" kwa uso ulionyooka ni mtu wa kukaa naye.

Chakula cha mchana nilikula kwake, nyumba za wafanyakazi, ugali wa mtama na samaki ningu wa kukausha. Mke wake aliitwa Nyabise. Alifanya kazi palepale kinuni, pamoja na wanawake waliotenga pamba safi na fifi, yaani ile chafu ya daraja la chini. Alikuwa mrefu kuliko mumewe na mwepesi wa maneno. Baba yake kule ziwani hakupata mtoto wa kiume, kwa hiyo alimfundisha binti yake kushona nyavu, na sindano yake ya mti alikuwa nayo bado, imechomekwa kwenye paa la jiko. Walikuwa wameoana miaka mingi na hawakuwa na mtoto. Mnajua jinsi tunavyoitana huku: mwanamke ni mama wa fulani. Watu walipofika kwake walikwama. Mama nani? Wakamalizia kwa kusema Mke wa Fundi, na yeye akaitika kama vile hakusikia pale walipokwama.

Zikaja siku za Ujamaa, na pamoja nazo kisomo. Kila mahali pa kazi palitakiwa kuwa na darasa la watu wazima. Letu lilikuwa kwenye ghala la magunia matupu, king'ora cha jioni kikishalia. Mwalimu wetu aliitwa Mugeta, kijana wa Butiama, mpole, mwembamba, na alikuwa na imani kubwa na ubao. Hesabu zilikuwa zimehamia Kiswahili hivi karibuni, naye aliyapenda yale maneno mapya kama mtu aliyenunua viatu. Namba shufwa. Namba witiri. Aliyaandika kwa herufi kubwa, akasogea nyuma kuyatazama.

Jioni moja alitwambia kila mtu achote vizibo vya soda kwenye debe, bila kuhesabu, kisha avipange kwa mistari iliyo sawa. Mimi nilipata ishirini na nne, vikapangika kila namna, nikajiona hodari. Nyabise alikaa mbele yangu. Alipanga mistari miwili, kizibo kimoja kikabaki mkononi. Mitatu, kikabaki kimoja. Minne, kimoja. Sita, kimoja. Akajaribu mitano, vikabaki viwili, akazidi kukasirika. Alivipangua akaanza upya, na kidole chake kilikuwa kinagonga sakafu.

Mugeta akainama, akahesabu. "Thelathini na saba," alisema, amefurahi, kwa sababu ndipo somo lilipokuwa linaelekea. "Usijisumbue, mama. Hiyo haipangiki. Hiyo ni namba tasa."

Ghala lote likaacha kupanga vizibo.

Ninyi vijana mmekua na neno hilo kwenye vitabu na masikio yenu yamelizoea. Sisi tulikuwa hatujawahi kulisikia kwenye hesabu. Tulilijua kama neno la mwanamke asiyezaa, na hata ng'ombe wa namna hiyo, akiwa na mwenyewe karibu, tulisema tu kwamba hajashika. Kutoka nyuma mpakiaji mmoja, Chacha, akasema, "Mwalimu, kumbe Mke wa Fundi unamfahamu!"

Wakacheka. Siyo wote, lakini walitosha.

Mugeta hakuelewa. Alifikiri wanacheka hesabu, kwa hiyo akaeleza zaidi, na kila alivyoeleza akazidi kuharibu. Namba tasa, alisema, haina vigawanyo ila moja na yenyewe. Ukiitafutia vingine, huvipati. Nyabise alivirudisha vizibo kwenye debe, kimoja kimoja, vikilia. Kisha alijifunga kanga vizuri akatoka. Bwire alikaa kidogo akiangalia viganja vyake, halafu naye akatoka.

"Nimekosa nini?" Mugeta aliniuliza tulipobaki wawili.

Nikamwambia. Alikaa juu ya magunia, akafungua kitabu chake.

"Lakini ndivyo lilivyoandikwa kitabuni."

"Kitabu hakijaolewa, mwalimu."

Tangu siku hiyo Nyabise akapata jina. Hakuna aliyethubutu kumwita tasa usoni, Bwire angemvunja mtu. Wakamwita kwa namba. "Thelathini na Saba amefika?" "Leo Thelathini na Saba amependeza." Walisema hata akiwa hatua mbili kutoka kwao, na kwa sababu namba si tusi, hakuna ambaye ungeweza kumshitaki. Yeye hakurudi tena darasani.

Habari ikafika mpaka rasini. Ndugu za Bwire wakaja, wakiongozwa na kaka yao mkubwa, Masatu, mtu mwenye kofia ya majani na mazoea ya kusikilizwa. Walikaa, walikula, wakaondoka. Kesho yake Bwire alikuwa anapiga tupa kipande cha chuma ambacho hakikuhitaji tupa.

"Wamenipa mpaka pamba iishe," alisema. "Pamba ikiisha wanampeleka kwao, ng'ombe wanarudi, na mimi naletewa mwingine."

"Ukajibuje?"

"Nimewaambia pamba bado ni nyingi."

Bwire aliweza kufungua injini nzima bila kuweka alama na kuifunga tena, lakini kumpinga kaka yake hakuwahi. Kila lori lililoingia getini niliona anautazama mzigo wake, siyo matairi kama alivyozoea.

Katikati ya msimu huo gia ndogo ilivunjika. Chuma kilikuwa kimechoka, basi. Ilipasuka kwenye kitovu na meno kadhaa yakaruka. Mashine ya marobota ikasimama. Pamba iliyochambuliwa ikajaa mpaka ikaziba madirisha, tukalazimika kusimamisha kinu kizima. Nje wakulima walikuwa na mikokoteni, wamelala juu ya pamba yao. Spea ya gia ile ilitoka ng'ambo, na siku hizo kitu cha kutoka ng'ambo kilikuwa ni kitu cha kuombea. Meneja, mtu muungwana, alizunguka akiuliza kila mtu, mpaka mpishi.

Musoma kulikuwa na karakana iliyoweza kusubu chuma. Walitaka tuwapelekee kielelezo cha mbao, wakigandamize kwenye mchanga wapate kalibu, kisha wamimine chuma. Mtauliza, kwa nini hatukuinakili ile iliyovunjika? Kwa sababu chuma kikipoa hunywea. Kielelezo lazima kiwe kikubwa kidogo kuliko gia unayoitaka, la sivyo unapata gia ya mdoli. Isitoshe, meno ya ile ya zamani yalikuwa yameliwa mpaka yamekuwa kama ya mbwa mzee. Ilibidi kuchora duara jipya na kuligawa upya.

"Fanyeni thelathini na sita," wale wa Musoma walituambia. "Duara lina nyuzi mia tatu na sitini, kila jino nyuzi kumi, mmemaliza. Beringi mtazisogeza kidogo."

Lilikuwa neno la busara, na Bwire alikuwa tayari kulifuata. Mimi ndiye niliyesita, kwa sababu ya Mzee Mafuru na jino lake. Nikamleta Mugeta karakana. Alikuja akitembea pembeni, kama mtu anayepita karibu na mzinga wa nyuki. Nilimwuliza: gia ya thelathini na sita ikikutana na ya tisini, kila jino litakutana na nani?

Alichuchumaa, akaomba mbegu za pamba, akazipanga chini, akaandika kwa chaki kwenye sementi. Sijapata kuona mtu akifikiri kwa adabu namna ile.

"Hizi mbili zinagawanyika zote kwa kumi na nane," alisema. "Kwa hiyo zinarudiana haraka. Kila jino dogo litakutana na meno matano tu ya ile kubwa. Matano yaleyale, siku zote."

"Likiwa bovu litayala yaleyale," nikasema.

"Litayala."

Bwire aliuliza polepole, "Na thelathini na saba?"

Mugeta alinitazama mimi, akatazama sakafu. "Ile nyingine… haishirikiani na tisini kwa kitu chochote, fundi. Haigawanyiki na namba yoyote. Kwa hiyo lazima ikutane na meno yote."

"Mbona hulisemi jina lake?"

"Fundi…"

"Lisemwe."

"Namba tasa."

Bwire alichukua ubao wa mvule akaupiga vumbi. "Basi ndiyo ninayoitaka," alisema.

Kuitaka ni kitu kimoja. Alichora duara, akaukata ubao kwa kulifuata, akaanza kutembeza bikari kwenye ukingo wake, hatua baada ya hatua, na kila alipomaliza mzunguko ilibaki nafasi isiyotosha jino au hatua ya mwisho ikapitiliza. Akabana, akalegeza, akabana. Ukingo ukajaa matundu kama umeliwa na mchwa. Mugeta alisema kwamba kwa bikari na rula peke yake haiwezekani kuligawa duara mara thelathini na saba bila kubahatisha, kwamba hilo limethibitishwa na watu waliolishughulikia maisha yao yote. Bwire akamshukuru kwa habari njema.

Nyabise akaingia na chakula. Alitukuta watatu tumekaa kimya tumezunguka ubao.

"Kuna msiba?"

"Nataka kugawa duara hili," Bwire alisema, "mara thelathini na saba."

Aliweka bakuli chini. Nikaona uso wake unakunjamana. "Hata wewe, Fundi?"

Bwire hakujitetea. Aliokota ile gia iliyovunjika, akakusanya na yale meno yaliyoruka, akaweka yote mbele yake. "Hesabu."

Alihesabu kwa kidole, akigusa kila jino, na grisi ikampaka mkono. Alipofika mwisho alianza upya.

"Nani aliiweka hivi?"

"Walioitengeneza."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi," alisema Bwire. "Hizo nyingine hazifai hapa. Mwulize mwalimu."

Mugeta alikubali kwa kichwa. Nyabise aliendelea kuishika ile gia muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha aliuangalia ubao wetu uliojaa matundu, akaguna.

"Nyie wanaume. Hilo haligawanywi. Linavalishwa."

Akaenda nyumbani, akarudi na uzi na ile sindano yake ya mti. Alikata kijiti bapa cha kupimia tundu, ili matundu yote yatoke sawa, akashona utepe wa wavu mwembamba, matundu thelathini na saba, akaunganisha ncha. Akauvalisha kwenye ukingo wa ubao. Ulilegea. Akaufumua wote bila huruma, akapunguza kijiti, akashona tena. Safari hii uliingia kwa kubana, na hapo ndipo tulipoelewa: wavu ukivutika, unavutika kila mahali. Tundu moja likibanwa, jirani zake wanalisaidia. Akauweka sawa kwa viganja, akiuzungusha na kuusukuma kama anavyovalishwa mtoto kofia, kisha akatoboa kwa msumari kila palipokuwa na fundo. Bwire akapima kwa bikari. Alama chache zilikuwa zimepotea kwa unene wa unywele. Alizirekebisha, akaanza kuchonga.

Tulikwenda Musoma mimi na Bwire na kielelezo kimefungwa kwenye blanketi, tukarudi nacho pamoja na gia nyeusi, nzito, bado ina mchanga wa kalibu kwenye meno. Tulikuwa tumeshaifunga kwenye shafti, mkanda bado haujarudishwa, Masatu alipotokea mlangoni na kofia yake ya majani.

"Nimesikia kinu kimesimama," alisema. "Pamba imeisha. Nimekuja kumchukua."

Kule rasini habari ilikuwa imefika hivyo, kinu kimenyamaza, na yeye akajumlisha. Wapakiaji walisogea. Wanawake wa fifi waliacha kazi, ambayo hawakuwa nayo. Nyabise alikuwa amekaa juu ya robota, mikono magotini, anamtazama mumewe. Hakutazama mtu mwingine.

Bwire alijifuta mikono.

"Kinu kimesimama, kaka, ila pamba ipo. Njoo utusaidie kwanza." Alipaka chaki jino la gia ndogo, akapaka na lililogusana nalo kwenye kubwa. "Zungusha hapa mpaka alama hizi zikutane tena. Zikikutana, tutazungumza."

Masatu alikuwa mtu wa kasia, hakuogopa kazi ya mikono. Akaweka kofia chini akazungusha. Alama zikaachana. Ndogo ikarudi, kubwa haipo. Ikarudi tena. Akaongeza kasi. Shati likaanza kushika mgongo.

"Hii imeharibika!"

"Ni nzima, kaka."

"Mbona haifiki?"

"Inafika. Zungusha."

Akazungusha mpaka pumzi ikawa inasikika. Chacha, yuleyule wa nyuma ya darasa, akasema, "Mzee wangu, hiyo ni thelathini na saba. Haina njia ya mkato." Watu wakacheka, na Nyabise, juu ya robota lake, akaziba mdomo kwa kanga. Nilimwona. Alikuwa anacheka.

Masatu aliachia gurudumu akakaa chini. "Unanichezea, Bwire."

"Sikuchezei. Hata mimi nilizungusha hivyohivyo siku yangu ya kwanza." Sauti yake ilikuwa ndogo kama kawaida na watu wote walikuwa wamesogea ili kuisikia. "Nilikwambia pamba bado ni nyingi kwa sababu nilikuogopa. Sasa nakwambia bila pamba. Nyabise haendi. Pamba ikiwepo haendi, ikiisha haendi. Ng'ombe wabaki walipo. Na usinitafutie mwingine."

Masatu aliokota kofia yake. Tulitegemea laana. Alichosema mwisho ni, "Shemeji, nipe maji." Nyabise alishuka kwenye robota akamletea kwa kata, akapiga goti la heshima, naye akanywa yote. Hakumaliza hasira siku hiyo, wala mwaka huo. Lakini aliondoka na lori la jioni peke yake, na hakuja tena kwa jambo lile.

Tulirudisha mkanda. Marobota yakaanza kutoka.

Jina lilibaki, ila lilibadilika ladha. Zahanati yetu ilipoletewa vipimajoto vya aina mpya, muuguzi alituelezea kwamba mtu asiye na homa anasoma thelathini na saba. Nyabise alikuwa kwenye foleni. "Kumbe kila mzima ni mimi," alisema, kwa sauti, na waliokuwa wakimcheka zamani wakakosa pa kutazama. Alirudi darasani. Mugeta, siku alipolifikia tena neno lile, alianza hivi: "Namba tasa ni ile inayokataa kugawanywa." Sijui kama ndivyo kitabu kilivyosema.

Mimi miguu iliwasha tena, kama mnavyonijua, nikaenda Butiama kufunga mashine ya kusaga ya kijiji kipya, Mugeta akiwa amehamishiwa shule ya hapo. Jioni tulikaa tukiichokonoa namba yetu kama watu wanaotafuna muwa. Izidishe kwa tatu, unapata mia moja kumi na moja. Kwa ishirini na saba, mia tisa tisini na tisa. Chukua mia moja themanini na tano, ambayo inagawanyika kwayo, hamisha tarakimu ya mbele uipeleke nyuma: mia nane hamsini na moja, nayo inagawanyika. Hamisha tena: mia tano kumi na nane, nayo vilevile. Haina faida yoyote kwa mashine ya kusaga, lakini jaribuni siku umeme ukikatika. Baadaye nilirudi Bunda, na mengine mnayajua, maana mlikuwa mnaniona.

Mliponiaga, safari yangu ya kwanza ilikuwa rasini. Bwire alishafariki, mnakumbuka tulivyokwenda kumzika. Hawakupata mtoto hadi mwisho. Nyabise amezeeka, macho yamepungua, lakini vidole havikupungua. Nilimkuta nje, wavu umetandazwa miguuni, anashona bila kuangalia. Alinitambua kwa sauti.

"Kwanini! Umefukuzwa?"

"Nimestaafu, mama."

"Ni yaleyale." Akasogeza wavu nikae. Baada ya salamu zote aliuliza, "Ile bado inazunguka?"

Nilimweleza kwamba mashine ile iliondolewa, lakini gia iliondoka ikiwa nzima, meno yote, yameliwa sawasawa.

Aliendelea kushona. "Unakumbuka vile vizibo? Nilipanga, nikapanga. Miwili, mitatu, minne. Siku zote kinabaki kimoja." Akavuta fundo likakaza. "Sasa Fundi naye kaenda. Ndiyo mimi, ile moja iliyobaki."

Mimi, Kwanini mzima, sikuwa na hata swali. Yeye akacheka, akanipiga kofi gotini.

"Na ubao wetu upo?"

"Upo ukutani. Matundu ya msumari wako yanaonekana bado."

"Waambie hao vijana wasiuchome," alisema. "Mimi sitashona mwingine."

Nimewaambia.